Siku Moja ya Kuandaa Boti ya Mvuke kwa Siku 7 Majini

Saa 12 asubuhi. Gerejini kando ya Ziwa Windermere, Uingereza, boti iko majini: mita 7.5, boila ya kusimama (chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke), shinikizo la kazi bar 7. Wiki ijayo inapanda trela kwenda Uskoti kupita Mfereji wa Caledonia, kilomita 97 na malango ya maji 29 ya kupandishia na kushushia boti, kisha irudi njia ile ile. Njiani haitategemea fundi.

Kiberiti hakiguswi kabla ya kuangalia kioo cha maji cha boila. Maji yawe nusu kioo. Koki ya chini inafunguliwa, inafungwa, maji yanatakiwa kurudi hapo hapo. Yakirudi kwa kujivuta, tundu limeziba ukoga na kioo kinadanganya.

Saa 12 na nusu. Moto. Vijiti vikavu kwanza, kilo 6 hivi hadi mvuke upatikane, kama dakika 40. Kuharakisha hakuna faida: chuma kinachopata joto kwa pupa hulegeza bomba za boila kwenye viungo vyake.

Saa 1 na robo. Koki za silinda zote wazi, injini inasukumwa kwa mkono mbele na nyuma. Silinda ya baridi hugeuza mvuke kuwa maji, na maji hayabanwi. Ukifungulia mvuke wote kwa mara moja, kifuniko cha silinda ndicho kitakachopasuka.

Saa 2 hadi saa 5: kuni. Hapa ndipo safari inapofia, si kwenye injini. Kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa boti hii inakula kilo 12 za kuni kavu kila saa. Kilomita 194 ni saa 22, yaani kilo 264, ongeza kilo 6 za kuwashia kila asubuhi: zaidi ya kilo 300. Boti inabeba 200 tu. Ukizidisha, maji yanachungulia ukingoni. Kwa hiyo tunapakia kuni kilo 140 na makaa ya mawe kilo 60, ambayo kwa uzito ule ule yana joto karibu mara mbili. Bado pengo lipo, na ndiyo maana msumeno wa mkono na shoka vimo kwenye orodha ya vifaa vya injini, si vya kambi.

Vipande vikatwe sentimita 25, viingie mlangoni bila kulazimishwa. Vinapangwa chini katikati kama farumi, uzito wa kuituliza boti, na vinaliwa kwa usawa kulia na kushoto, la sivyo boti inalala upande. Kuni mbichi hupaka lami ndani ya bomba. Magogo yaliyookotwa pwani ya bahari tunayakataa: chumvi yake hula chuma.

Saa 7 mchana. Maji. Mvuke uliotumika unapita kwenye bomba la shaba chini, kando ya mkuku (uti wa chini wa boti), unapoa na kurudi tangini. Tatizo ni kwamba unarudi na mafuta ya silinda. Mafuta yakiingia boila, maji hufanya povu na kutapikwa hadi injini. Dawa yake ni dodoki, lile lile la kuogea: vipande vitatu vinajazwa kwenye kisanduku kabla ya tangi. Likibadilika rangi na kuteleza vidoleni, tupa. Tunaweka kumi na mawili.

Pampu ziwe mbili zisizotegemeana: ya injini na ya mkono. Injekta, inayosukuma maji kwa nguvu ya mvuke, ni ya tatu, lakini hugoma maji ya tangi yakiwa moto.

Saa 9. Vipuri: vioo vitatu vya maji vilivyokwisha kukatwa kwa kipimo, mipira yake, gasketi, kamba ya kuzibia mvuke, mafuta ya silinda lita 4, brashi ya bomba. Na kata ya kufulia ngama, maji yanayokusanyika chini ndani ya boti.

Saa 10. Jaribio ziwani. Kwenye lango la mfereji boti husimama, hivyo moto unapunguzwa mapema. Vinginevyo vali ya usalama inafunguka na maji safi yanapotea hewani. Maji yakitoweka kabisa kiooni, usipige pampu. Ondoa moto kwanza.

Saa 1 usiku. Moto umezimwa, bomba zimepigwa brashi. Koki ndogo ya juu ya boila inaachwa wazi shinikizo likishafika sifuri. Ukiisahau, boila ikipoa inavuta maji ya tangi yenyewe, na asubuhi unaikuta imejaa hadi shingoni.