Mimi naandika tu daftari, dhambi inanihusu nini?

Mwaka mmoja na kitu kazi yangu ilikuwa kuandika daftari kwenye ofisi ya mikopo hapa Tanga, zile za mtaani tunazoziita kausha damu, meza moja, kabati la chuma, na nyuma kuna stoo imejaa friji na tivii za watu. Unachukua laki mbili, baada ya siku 30 unarudisha laki mbili na sitini, ukichelewa inapanda. Mimi sikopeshi wala sikopi, naandika jina, namba ya simu, jina la mdhamini, nasaini kama shahidi, basi. Nilikuwa najiambia hivyo kila siku mpaka lilipobebwa friji la mama mmoja anayekaanga samaki kule Deep Sea, likaletwa linadondosha maji na ndani bado kuna vipande viwili vya nguru, na mimi ndo nikaandika "friji 1, nyeupe, mlango umepinda".

Nikaanza kuuliza. Kwetu nyumba mchanganyiko, baba Muislamu, mama Mlutheri wa Lushoto, kwa hiyo swali la dini halikosi pa kulipeleka, na majibu wala sio shida, majibu yapo mpaka yanakera. Mwenzangu wa ofisini alinijibu hata sijamaliza, eti soma Mathayo 25, yule mtumwa aliyefukia talanta aliambiwa angeipeleka kwa watoa riba, sasa wewe unaogopa nini. Klipu niliyotumiwa kwenye grupu la ukoo haikufika hata dakika, haramu, acha kazi leo, kwisha. Hakuna aliyeniuliza hata kitu kimoja.

Mchungaji wa mama yeye aliuliza. Nilimkuta anapalilia mihogo yake, shikamoo, marahaba mwanangu, halafu akasema hebu niambie, hapo kwenu anayekopa ni nani, mwenye duka anaongeza mtaji au mtu ana mtoto amelazwa? Nikamwambia ukweli, wengi ni ada na hospitali. Akanyamaza kidogo. Akasema ule mfano wa talanta haufundishi habari za benki, ila Zaburi ya 15 inamtaja waziwazi mtu ambaye hakutoa fedha yake apate kula riba. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea, kwamba asinidanganye, kanisa halikusimama sehemu moja siku zote, mkutano wa maaskofu wa Nikea mwaka 325 uliamua padri anayekula riba avuliwe upadri, mwaka 1179 mla riba wa wazi akanyimwa meza ya Bwana na hata maziko ya Kikristo, halafu baadaye wanamageuzi wa Kiprotestanti akina Calvin wakaruhusu riba ya kiasi ila sio ya kumkamua maskini, na leo hela za usharika wake mwenyewe ziko benki. "Lakini hiyo ya kwenu," akasema, "hata Calvin angeikataa." Tukacheka, ila yeye alicheka kidogo tu.

Baba mkubwa anafundisha madrasa. Barazani kwake huwezi kwenda moja kwa moja kwenye hoja, kwanza kahawa, kwanza wazima huko. Nilipomweleza akaanza: mmeandikiana nini? Mtu akishindwa anaongezewa muda au anaongezewa deni? Wewe kalamu unashika kwa niaba ya nani? Una kazi nyingine? Nikajua naenda kusomewa ile aya ya biashara halali na riba haramu, na kweli akaisoma, lakini akaendelea mpaka aya ya 280 ya sura ya Al-Baqara, mdaiwa akiwa na dhiki asubiriwe mpaka apate nafasi, akasema hapo nyie mnafanya kinyume chake kabisa. Halafu ile hadithi, Mtume amemlaani mla riba, mlipaji, mwandishi na mashahidi wawili, wote sawa. Mwandishi! Na shahidi! Mimi nilikuwa vyote viwili, yani kikombe kikanishinda kukishika.

Ila hakuniacha hapo. Akasema yapo ambayo wanazuoni wamevutana, mfano faida za benki, Tantawi akiwa mufti wa Misri mwaka 1989 alihalalisha hati za uwekezaji za serikali wakati wanazuoni wenzake wa baraza la fiqhi la Jeddah mwaka 1985 walishasema riba ya benki ni haramu, lakini hili la kwako halimo kwenye mvutano wowote. Tafuta kazi nyingine na usijifanye unatafuta. Nikamuuliza, na mishahara niliyokwisha kula? Akasema hilo sina jibu la leo, ngoja nisome. Mimi hapo ndo nilimwamini kabisa.

Kuna jamaa nimesoma naye Kampala, ni wa Abayudaya, wale Wayahudi wa karibu na Mbale walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Nikamtumia meseji usiku kama utani. Akajibu kwamba kwao Mishna, kitabu chao cha zamani cha sheria, inasema wanaovunja amri ya riba ni mkopeshaji, mkopaji, mdhamini na mashahidi, na wahenga wakaongeza, na mwandishi pia. Nikasoma mara tatu. Watu wa vitabu viwili tofauti na wote wamenikuta mezani na kalamu. Akaniambia pia wana mkataba unaitwa heter iska, hela inaingia kama ubia wa biashara badala ya mkopo, mpaka benki za Israeli zinautumia, nami nikamwambia kwetu Waislamu kuna mudharaba, mmoja anatoa mtaji mwingine kazi na faida wanagawana, inakaribiana. Nilipotaka aniambie sasa mimi nifanye nini akakataa, rabi humjibu mtu na hali yake, nenda kwa wanaokujua.

Nimetoka ile ofisi mwezi wa nne, naendesha bajaji ya mtu. Juzi mama kaniomba niwe katibu wa kikoba chao, wanakopeshana kwa asilimia kumi na mwisho wa mwaka wanagawana. Nimempigia baba mkubwa. Kabla hata sijamaliza sentensi: "Mgawanyo ukoje? Na akishindwa mtu?"

Naenda kumuuliza mama.