Ganda la Jambiani

Nilikwenda Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kumwona shangazi, nikaangukia siku za bamvua. Asubuhi ya pili maji yalikupwa mpaka mwamba ukabaki mtupu, mawimbi yakawa ya kusikika tu kwa mbali. Tukashuka pwani, yeye mbele na kijiti chake cha kuchokolea pweza, mimi nyuma na viatu vya plastiki.

Tulipoyapita mashamba ya mwani nikaliona ganda, ndani ya kidimbwi, pembeni ya tumbawe. Urefu wake kama kidole cha kati, umbo la pia, rangi ya asali. Juu yake pembetatu nyeupe zimezungushiwa kahawia, ndogo kwa kubwa, zimelaliana kama magamba ya samaki. Nilitafuta mbili zilizofanana, sikuziona. Nikainama.

"Acha hiyo!" Shangazi alinidaka mkono. "Yu hai huyo, mwanangu. Anapiga."

Tukachuchumaa. Baada ya kitambo, kwenye ncha nyembamba ukachomoza mrija mweupe wenye pete nyeusi na kikomo chekundu. Huo ni wa kuvutia maji na kunusa mawindo. Silaha iko kwenye mdomo wake, mrija mwingine mrefu, unaonyumbuka: jino lenye uwazi ndani kama sindano, limejaa sumu, analichoma mara moja kisha anaandaa jingine. Na usidhani ukimshika upande mpana umesalimika, maana mdomo huo hupinda ukakufikia.

Yule ni konokono wa baharini, kwa jina la kitaalamu Conus textile, anayekula konokono wenzake. Ndugu yake Conus geographus, naye wa bahari hii hii, humeza samaki, na ameshaua watu. Dawa ya kuiondoa sumu yake mwilini haipo. Lakini kutoka sumu ya ndugu mwingine, Conus magus wa Pasifiki, wataalamu walipata zikonotaidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, inayopitishwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Nilipolisoma hilo nililikumbuka jino lile, nikastaajabu upya.

Maji yakaanza kujaa, tukamwacha pale pale.

Siku ya kuondoka, Mji Mkongwe, nikayakuta magamba kama lile yamepangwa mezani, yamesuguliwa yanang'aa. Muuzaji akanisogezea moja. Nililigeuza nikitafuta ule mrija wenye kikomo chekundu. Ndani mlikuwa na mchanga kidogo. Nikalirudisha.