Swali la Kinga

Mwaka 2018 tulimpeleka Baba mkubwa hospitali, Moshi mjini. Alikuwa na miaka 64, hajawahi kulazwa, na kwa wiki kadhaa alikuwa akisahau majina ya wajukuu na kuburuta mguu wa kushoto. Picha ya CT ilionyesha uvimbe ndani kabisa ya ubongo.

Daktari akaomba ampime VVU. Shangazi akasimama. "Kaka yangu ni mzee wa kanisa!" Mama mkubwa yeye alinyamaza tu, kaushika mkoba wake.

Daktari yule, Mungu ambariki, hakukasirika wala hakuharakisha. Alivuta kiti. Akasema kwa mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga, zimeshuka sana, uvimbe kama ule mara nyingi ni toksoplasma, maambukizi ya kimelea, na ina dawa. CD4 zikiwa chini ya 50, anafikiria pia limfoma ya ubongo, saratani ya seli za kinga, ambayo kwa wagonjwa hao karibu kila mara huambatana na kirusi cha Epstein-Barr. "Shangazi, simuulizi tabia yake. Nauliza kinga yake, nijue nianzie wapi."

Majibu: hana. Ndugu wakapeana mikono kana kwamba amepona, na mimi jambo lile liliniuma. Limfoma hii humpata hata mwenye kinga nzima, hasa aliyevuka miaka 60.

Usiku kichwa kilimtesa mno. Nikamsihi daktari ampe deksamethasoni, dawa ya steroidi inayopunguza kuvimba kwa ubongo. Akasema ingemtuliza, lakini kama ni limfoma, dawa hiyo huua seli zake upesi, na wakija kuchukua kinyama cha kupima wanaweza wasione kitu. Maadamu hajazidiwa, tungoje. Akampa dawa nyingine ya maumivu. Kumtazama mzee akijikunja huku dawa ipo kabatini ni kitu kizito; hata hivyo nasema alifanya sawa.

Kinyama kilichukuliwa Dar es Salaam. Limfoma ya seli B, aina mojawapo ya seli za kinga. Akaanzishiwa methotrekseti, dawa ya saratani, ya dripu, dozi kubwa, kwa kuwa dozi ya kawaida haifiki ya kutosha kwenye ubongo.

Tuliporudi Marangu, majirani walikuja kumwona mgonjwa, na kuuliza kwa kunong'ona. Mama mkubwa akajibu kwa sauti yake ya kawaida: "Amepimwa, hana. Angekuwa nayo ningewaambia hivyo hivyo." Kisha akauliza nani ana nafasi ya kumsindikiza Dar kwa dozi inayofuata.