Siku moja maishani mwangu: bibi shamba na mayai ya nondo

Saa 11:30 alfajiri niko kwenye pikipiki, Mvomero, Morogoro, masika, tope mpaka magotini. Wengi wanadhani afisa ugani anakaa ofisini akingoja semina. Msimu huu kazi yangu ni kuinama.

Saa 1 shamba la kwanza: napita kwa umbo la W, nasimama sehemu 5, kila sehemu nageuza majani ya mahindi 10. La pili hivyo hivyo.

Saa 4, kwa mzee mmoja. Nilipomwamkia tu akasema, "Binti, mahindi yameota ukungu. Nitajie dawa." Kwenye jani palikuwa na baka la kijivu, kama pamba iliyochafuka. Nikamwambia hayo ni mayai ya nondo, mdudu kama kipepeo, anayezaa kiwavijeshi vamizi, yule mla mahindi aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016.

"Mayai gani yana manyoya?"

Swali zuri, lakini alikuwa ameshaninyang'anya jani na kuanza kulikuna. Nikampa lenzi; mkono ukatetemeka, akaona weupe mtupu. Tukahamia kivulini. Nikamweleza: nondo jike hutaga mayai 100 hadi 200 pamoja, kisha huyafunika kwa magamba laini ya tumboni mwake, ndiyo hayo manyoya. Nikayakwangua kwa ukucha. Chini yake mayai yamebanana, kitako bapa, juu kama kuba, meupe yenye ukijani, kila moja halifiki nusu milimita. Mzee akasema anayajua mayai ya funza wa mabua, hayafanani na hayo. Kweli: ya funza wa mabua mwenye madoadoa ni bapa, yamelaliana kama magamba ya samaki, hayana manyoya. Basi akaenda ndani kuleta chupa ya dawa aliyokwisha kuinunua. Tukabishana tena, jua limesimama utosini. Nikamwomba kitu kimoja: ayaponde kwa vidole leo, maana hukaa siku 2 au 3 tu kabla ya kuanguliwa. Akaponda moja. Akatazama kidole chake muda mrefu.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Mashamba yaliungana, mgongo ukawaka, na kila jani nikaligeuza.

Usiku nikafungua kopo nilimoweka jani jingine la shamba lake. Yale mayai meupe yamekuwa meusi: vichwa vya viwavi vinaonekana ndani. Nikampigia simu.

"Mzee, kesho saa 12 nitakuwa hapo. Waite na wajukuu, wana macho."