Siku moja maishani mwangu: kinyama cha utumbo na swali la tezi

Saa moja na nusu asubuhi nimeshafika maabara. Watu wakisikia kwamba mimi ni daktari wa patholojia huniuliza habari za mochwari, ilhali sehemu kubwa ya siku yangu huisha nikisoma tishu za watu walio hai, wanaosubiri majibu. Hadi saa nne nimeshasaini ripoti za kawaida.

Saa nne na robo zinaletwa slaidi za kinyama, yaani uvimbe mdogo, kilichoondolewa kwenye utumbo mpana kwa kolonoskopi, mrija wenye kamera. Saratani imo, ila imeishia kwenye tabaka lililo chini ya utando wa ndani, haijagusa msuli. Katika hatua hiyo, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 huwa saratani imeshafika kwenye tezi za limfu, na huyo ndiye anayehitaji kukatwa utumbo; wengine wangepasuliwa bure. Kumtambua ndiyo kazi yangu.

Hapo ndipo siku inapokwama. Kinyama kimeletwa vipande vipande katika chupa moja, bila alama, hivyo siwezi kupima kama saratani imezama zaidi ya milimita 1, wala kusema kama ukingo wa mkato ni salama. Simu inalia. “Dokta, nipe neno moja tu, nimpange kesho?” Namwomba daktari wa upasuaji anivumilie. Baada ya nusu saa anapiga tena.

Nageukia ishara nyingine ya hatari ya saratani kufika kwenye tezi: vichipukizi, yaani seli moja moja au vikundi vya seli zisizozidi nne zilizojitenga kwenye ukingo wa mbele wa saratani. Kwa makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2016, huhesabiwa mahali vilipo vingi zaidi, katika eneo la milimita 0.785 za mraba. 0 hadi 4 ni daraja la chini, 10 na kuendelea ni la juu. Nahesabu, narudia, shingo inauma. Pembeni naona seli ndani ya uwazi mwembamba: huenda ni mshipa wa limfu, huenda tishu imesinyaa tu. Naagiza rangi ya D2-40, inayoonyesha kuta za mishipa hiyo.

Jua limeshazama ninapoandika: vichipukizi 11, daraja la juu, kina hakipimiki, majibu ya D2-40 yanasubiriwa. Kisha nampigia daktari mwenyewe, nikimwomba asimpange mgonjwa kesho bali amlete kwenye kikao cha saratani, nami nitakuja na slaidi.