Neno mbele, neno nyuma

Jana usiku umeme ulipokatika nilijaribu jambo lililokuwa limenikaa akilini wiki nzima, tangu nilipoanza kusoma jinsi Wabrahmani, tabaka la makuhani wa Kihindu huko India, wanavyozihifadhi kwa moyo Veda, maandiko yao matakatifu. Nilichukua methali ya maneno manne, nikaipitisha katika utaratibu wao uitwao ghana: mtoto umleavyo, umleavyo mtoto, mtoto umleavyo ndivyo, ndivyo umleavyo mtoto, mtoto umleavyo ndivyo, kisha unahamia neno la pili na kuanza upya. Nilikwama kabla sijalimaliza hilo la pili. Rigveda, mojawapo ya Veda hizo, peke yake ina tenzi 1,028.

Nami niliyepita chuoni, nikahifadhi Juzuu Amma mbele ya maalimu asiyesamehe harufi, nilidhani najua kuhifadhi. Mwanzoni niliuona utaratibu huo kuwa ni kujitesa tu, mpaka nilipong'amua kwamba anayemponza msomaji ni maana yenyewe, kwani ukisahau neno, akili hukuletea upesi jingine linaloelekea, nawe husikii kosa. Maneno yakisomwa kinyumenyume maana hutoweka, na pa kubahatishia hapabaki. Tena kila neno limekwisha kufungwa kwa jirani zake wa mbele na wa nyuma, hivyo likiponyoka, pengo husikika papo hapo.

Kuna na lahani, yaani sauti ya juu, ya chini na ile inayoteremka. Huko Kerala, kusini mwa India, mwalimu wa Kinambudiri, yaani wa Wabrahmani wa huko, hukishika kichwa cha mtoto kwa mkono wake na kukiinamisha au kukiinua kufuatana na sauti, hata shingo nayo ikahifadhi. Husimuliwa kwamba Tvashtri, mungu fundi, aliomba mwana atakayemuua Indra, mfalme wa miungu, akakosea lahani ya neno moja, indrashatru, likageuka kuwa yule atakayeuawa na Indra. Na ndivyo ilivyokuwa. Sisi tunaotofautisha barabara ya magari na kufanya kazi barabara kwa mkazo tu hatuna haki ya kushangaa, ingawa kwetu hakuna aliyewahi kupoteza mwana kwa sababu hiyo.

UNESCO, iliyoutambua usomaji huu mwaka 2003, inaeleza kuwa zamani matawi yake, yaani mapokeo mbalimbali ya usomaji, yalizidi 1,000, na leo yamebaki 13. Hapo nilirudi kusoma upya. Yapo matawi ambayo maneno yake bado yamo vitabuni, lakini hayupo tena aliyeyapokea kwa sikio kutoka kinywani mwa mwalimu.