Siku moja katika duka la vifaa vya ujenzi, Chamazi: pesa inapoingia kwa simu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla sijainjika chai, huwa nimekwisha kuangalia salio la Lipa Namba ya duka, yaani namba ya biashara ambayo wateja hulipia kwa simu, na kulilinganisha na kiasi nilichoandika kwenye daftari usiku uliotangulia. Leo vililingana: shilingi 412,500. Sikosi kufanya hivyo hata siku moja, kwa sababu saruji huagizwa mapema na msambazaji hapakii mzigo kwa maneno, na nisipojua kilichomo kwenye simu ninaweza kumwahidi pesa ambayo bado haijafika.

Duka langu lipo Chamazi, wilayani Temeke, Dar es Salaam, mahali ambapo msingi mmoja haujakauka kabla ya jirani kuanza kuchimba wa kwake. Ninauza saruji, nondo, misumari, mabati, mabomba na rangi. Katika biashara hii, mwenye nyumba ni nadra sana kufika dukani, kwa kuwa yupo kazini Posta, katikati ya jiji, au yupo Mwanza, au anafanya kazi nje ya nchi, na anayekuja kwangu ni fundi akiwa na orodha iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Zamani fundi alikabidhiwa noti, akanunua, akarudisha chenji, na kila mfuko uliopungua saiti ulizua maneno kati yake na bosi wake. Siku hizi bosi hulipa moja kwa moja dukani kutoka aliko, fundi huchukua mzigo, nami nasimama katikati yao nikiwa na uthibitisho wa kila shilingi. Ni kazi ya uaminifu, na naichukulia hivyo.

Saa moja asubuhi tulifungua. Juu ya kaunta nimebandika stika yenye namba ya malipo, jina la duka na ule mraba wa vidoti wa TANQR, ambao ni utaratibu uliowekwa na Benki Kuu ili mraba mmoja usomwe na programu za benki na za kampuni za simu bila duka kujaza stika ukuta mzima. Vijana huelekeza kamera, lakini mafundi wengi bado wanapiga nyota mia na hamsini na kufuata menyu, na njia hiyo haihitaji intaneti wala simu ya bei kubwa. Kwa yeyote anayelipa, nimemfundisha kijana wangu wa dukani kusema sentensi moja kabla mteja hajaweka namba ya siri: "Nisomee jina lililotokea." Tarakimu moja ikikosewa, jina linalotokea si letu, na ni rahisi zaidi kusitisha muamala wakati huo kuliko kuanza kuutafuta baadaye.

Saa mbili na dakika kumi aliingia fundi mmoja ninayemfahamu, uso umekunjamana. Siku hiyo walikuwa wanamwaga zege la jamvi. Mashine ya kuchanganyia ilikuwa imekodiwa kwa siku moja, vibarua wamekwisha kukusanyika, kokoto na mchanga vipo, na kilichokosekana ni saruji mifuko 40, ambayo kwa bei yangu ya shilingi 16,000 ni shilingi 640,000. Nje, kirikuu ilikuwa imekwisha kurudi nyuma hadi mlangoni.

"Shikamoo mama. Bosi ameshatuma, ona picha yenyewe hii."

"Marahaba, fundi. Hebu tuone."

Picha ilikuwa ya meseji ya benki, yenye jina la duka langu, kiasi sahihi na namba ya muamala. Simu ya duka ilikuwa kimya. Nikaangalia salio, halikuongezeka. Nikasubiri dakika tano, nikaangalia tena.

Hapa nieleze kanuni yangu, maana niliponzeka kabla sijaanza kuifuata. Mzigo hautoki kwa meseji iliyo kwenye simu ya mteja; unatoka pale simu ya duka inapopokea meseji yake na salio likakubaliana nayo. Mwaka jana kijana wangu aliisoma haraka meseji iliyoingia kwenye simu ya duka, akatoa mabati 12. Maneno ya meseji hiyo yalikuwa yaleyale ya mtandao, herufi kwa herufi, ila ilikuwa imetumwa kutoka namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma, na salio halikusogea hata senti moja. Tangu siku hiyo meseji pekee haitoshi dukani kwangu, hata ikija kwenye simu yangu mwenyewe.

Ya fundi huyu haikuwa ya kughushi. Niliamini hivyo kwa kuwa nilifungua kumbukumbu za malipo na kuliona jina la bosi wake mara tisa tangu msingi ulipoanza, na mara zote tisa pesa ilifika. Tatizo lilikuwa njiani: pesa imetoka benki, haijafika kwangu. Kwa kawaida safari hiyo ni ya sekunde chache, hasa sasa ambapo mfumo wa TIPS unaosimamiwa na Benki Kuu unaunganisha benki na kampuni za simu, lakini inapotokea ikakwama, mteja anaona amekatwa, muuzaji anaona hajalipwa, na wote wawili wanasema kweli.

"Mama, mashine inalipiwa kwa siku. Tukichelewa hadi saa tano jua litatukuta katikati."

Nilitoa mifuko 15. Sikuona kuwa ninavunja kanuni, kwa sababu mifuko hiyo niliiandika kama mkopo wangu kwa mtu ambaye kumbukumbu zinamthibitisha, fundi akasaini daftarini mbele ya dereva, na ni kiasi ambacho duka lingeweza kukibeba iwapo mambo yangeharibika. Kwa mtu niliyemwona mara ya kwanza nisingetoa hata mmoja. Ninaona kuwa hili ndilo jambo kubwa ambalo malipo ya simu yamempa mfanyabiashara mdogo, kwamba anaweza kumkopesha mtu kwa kutazama historia yake badala ya kutazama sura yake.

Saa tatu na dakika tano simu ililia: shilingi 640,000, kutoka kwa jina lilelile. Kirikuu ikachukua mifuko 25 iliyobaki. Nilikuwa nimekwisha kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ya mifuko 40 na kumkabidhi fundi, pale simu ilipolia tena saa nne kasoro dakika ishirini. Shilingi 640,000 nyingine. Bosi alikuwa ameingiwa na wasiwasi, akalipa upya kutoka laini yake ya simu, na ule muamala wa benki uliokwama ukafika nyuma yake.

Nilimpigia mimi mwenyewe, kwa namba niliyo nayo tangu mwanzo, kabla hajanitafuta. Alishukuru sana, kisha akaomba nimrudishie kupitia namba ya mke wake, kwa kuwa laini yake ina deni na kitakachoingia kitakatwa. Nilimwomba radhi na kukataa. Pesa huirudisha pale ilikotoka, kwa sababu kesho likizuka swali, kumbukumbu zinatakiwa kuonyesha kuwa duka lilipokea mara mbili na kurudisha mara moja kwa mtu yuleyule, na si kuonyesha kuwa nililipwa na mwanamume mmoja nikamtumia mwanamke nisiyemfahamu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa dada, nimekuelewa." Nilihakikisha kwanza kwamba miamala yote miwili imo ndani ya salio, nikarudisha kwenye laini iliyolipa, na ada ya kutuma nikaibeba mimi. Kosa halikuwa lake wala langu, lakini nyumba yake bado haijafika kwenye linta.

Ndiyo maana zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" bado zinawanasa watu: humkuta mtu siku ambayo kweli ana hela ya kutuma. Moja iliingia leo mchana kwenye simu yangu binafsi, saa chache tu baada ya mazungumzo yale. Niliipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, kama ninavyofanya kila mara.

Kati ya saa tano na saa nane wateja ni wa vitu vidogo, yaani misumari nusu kilo, koki moja, mkanda wa bomba. Hawa wengi hulipa taslimu, na sina ugomvi nao, isipokuwa anapokuja mtu na noti ya shilingi 10,000 kununua kitu cha 1,500 na droo haina chenji. Mama mmoja aliyetaka kulipa kwa simu aliuliza kama aongeze na ya kutolea. Swali hilo ni la zamani, la wakati tulipopokea kwenye laini zetu binafsi na kubishana juu ya ada mbele ya bidhaa. Nilimwambia alipe bei ya koki tu, kama ilivyoandikwa. Nakumbuka pia Julai 2021, ilipoanza tozo ya miamala ya simu: mafundi walirudi na noti kwenye bahasha za kaki, na hata tozo ilipopunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo, baadhi yao walichukua muda mrefu kuirudia simu. Mteja wa kipato cha chini huhesabu mia mbili, na ana haki ya kuihesabu.

Saa nane na nusu nilimlipa msambazaji wa saruji kutoka kwenye salio lilelile, bila kutoa hata noti moja. Hapa ndipo faida yenyewe ilipo. Pesa ya simu ikitolewa kwa wakala kila jioni inaliwa na ada, tena kiasi kikiwa kikubwa, wakala mara nyingi hana pesa ya kutosha, na mwanamke kutembea jioni na laki kadhaa kwenye mkoba ni hatari ambayo sitaki kuirudia. Ikibaki ndani, ikamlipa msambazaji, ikanunua umeme wa LUKU na kulipia leseni, inafanya kazi yote. Noti za mauzo madogo nawawekea dereva wa kirikuu na wapakiaji, ambao wanataka chao mkononi.

Jirani yangu muuza vyombo alipita kunishauri nirudi kupokea kwenye laini binafsi ili mauzo yasionekane na watu wa kodi. Nilimjibu kwa heshima kwamba risiti natoa kwa kila mauzo, kwa hiyo hakuna ninachokificha. Nilimweleza pia kwamba nilipoomba mkopo benki, ofisa alitaka taarifa za miamala ya miezi sita, na karatasi zile ndizo zilizonisemea. Sikumlaumu, maana hofu yake naijua. Lakini njia anayoishauri ilinitokea vibaya: mteja mmoja alituma kwenye laini yangu binafsi, akachukua rangi, kisha akaripoti kwamba alikosea namba, na pesa ikazuiwa nikihangaika kuthibitisha kuwa ilikuwa ni biashara.

Saa kumi mtandao ulisuasua kwa dakika kumi, ukarudi. Haikuwa kama Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora nchini. Siku ile chote nilichopokea kwa simu kilitoka kwa waliopiga nyota.

Saa moja jioni tulifunga, na saa mbili usiku nilikaa na daftari, taarifa ya Lipa Namba upande mmoja na nakala za risiti upande mwingine. Upande wa simu ulipungua shilingi 3,500. Tulirudia mstari kwa mstari pamoja na kijana wangu hadi tukaiona: koki iliyolipiwa taslimu saa saba ilikuwa imeandikwa kwenye safu ya simu, na noti zake zilikuwa kwenye droo. Alisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Kisha nikafungua ukurasa wa asubuhi, nikapiga mstari juu ya ile mifuko 15, na pembeni ya saini ya fundi nikaandika: imelipwa, saa 3:05.